Mamba wa Chamwino hana mto: kwa mnaoanza kukusanya majina ya nyoka

Mbukwenyi, wadogo zangu. Kila mwaka mvua za Desemba zinapokaribia, wananijia vijana wawili watatu waliotumwa vijijini na daftari. Wengine wanasoma isimu, wengine afya ya jamii, wengine wamepewa vipeperushi wavitafsiri. Swali lao ni moja: "Kaka, orodha ya majina ya nyoka kwa Kiswahili unayo?" Ninayo. Ila siitoi mpaka niwasimulie nilivyoaibika.

Nilikuwa mgeni wa kazi kama nyie. Shirika moja, silitaji, lilinipa kipeperushi cha Kiingereza cha kuwafundisha watu namna ya kumhudumia aliyegongwa na nyoka. Palipoandikwa black mamba nikaandika "mamba mweusi", wala kalamu haikusita. Kikachapwa, tukaenda kukibandika kwenye ofisi ya kijiji kimoja cha Chamwino, huku Dodoma. Mzee aliyekuwa ameegemea baiskeli yake akaanza kukisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika hapo akanyamaza. Akaniita kwa kidole.

"Mjukuu wangu, mamba wako Mtera, bwawani. Huku kwetu atakunywa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwonyesha picha iliyokuwa chini ya maandishi. Akaiinamia, akaitazama sana. "Ahaa, koboko. Sasa weusi uko wapi? Huyu si rangi ya jivu?"

Maneno mawili, na yote mawili nimekosea. Mamba wa Waingereza ametoka kwenye Kizulu, imamba, na huko ni nyoka kwelikweli. Kizulu na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja, ndiyo maana mtego wenyewe ni mbaya: neno linafanana, mnyama siye. Yule wetu wa mtoni Mzulu anamwita ingwenya. Na weusi wa koboko hauko mgongoni. Mwili wake ni wa kijivu, au kijani kilichofifia, au kahawia. Weusi uko ndani ya kinywa, anachokifunua anapotishwa. Aliyempa jina la "mweusi" alimkuta ameachama.

Toka siku hiyo nikawa na tabia ya kuuliza jina limetokea wapi kabla ya kuliandika. Jina la nyoka husimulia zaidi habari za mtu aliyelitoa kuliko za nyoka mwenyewe. Tumtazame huyohuyo koboko. Albert Günther alimwandika kisayansi mwaka 1864 kuwa Dendroaspis polylepis. Ukilivunja Kigiriki chake unapata mti, nyoka wa sumu, na magamba mengi. Huyo ni mtu wa makumbusho: nyoka amelazwa mezani, amekufa, anahesabiwa magamba. Washona wa Zimbabwe wao humwita rovambira. Rova ni kupiga, mbira ni pimbi. Mpiga-pimbi! Huyo aliyelitoa alikuwa amekaa karibu na mawe akaona kwa macho yake. Nyie mliopanga Ntyuka au mnaopita vilima vya mawe kuelekea Mvumi mtaelewa. Palipo na pimbi wanaoota jua, tembeza macho kabla ya kutembeza mguu.

Hapo vijana huwa wananoga, wanaanza kuunganisha kila kitu na kila kitu. Mmoja aliniletea ukurasa mzima wa kuthibitisha kwamba koboko ametoka kwenye kiboko, kwa kuwa kiboko ni mnyama na ni mjeledi pia, na nyoka yule akipiga anachapa kama mjeledi. Tena amegundua kwamba Naijeria koboko ni mjeledi wa ngozi ya ng'ombe. Inapendeza kuisikiliza. Lakini kufanana kwa sauti si undugu, kama mimi na mamba wangu. Ukiona maneno mawili yanafanana, tafuta kama sauti zilezile zinabadilika vilevile kwenye maneno mengine ya lugha hizo. Usipopata, andika jina, acha hadithi.

Mfano wa undugu wa kweli ni neno nyoka lenyewe. Kigogo nzoka, Kizulu inyoka, Kichewa njoka. Shina ni moja, la zamani sana, limesafiri na watu. Hata hivyo safari humbadilisha msafiri. Ukienda Uganda ukasema una njoka, Mganda atakupa pole ya tumbo, maana kwake hiyo ni minyoo. Nyoka wa porini anamwita omusota. Chatu naye ana ndugu: Washona wanasema shato, Wachewa nsato. Haya ndiyo maneno ya kuwekea mstari chini, maana mtu anayechunga mbuzi Kongwa na mtu wa ziwa Malawi wamelipokea kwa babu mmoja bila kuonana.

Wazungu kwa chatu walikwenda njia nyingine kabisa. Python lilikuwa jina la nyoka mmoja tu wa hadithi za Wagiriki, yule aliyeuawa na Apolo pale Delphi, na Wagiriki wenyewe walilihusisha na kitenzi cha kuoza, kwa kuwa mzoga wake uliachwa ukaoza palepale. Jina la marehemu mmoja likawa jina la ukoo wote. Na wale wa kompyuta wanaonitumia picha ya alama yenye nyoka wawili, nawarudisha taratibu: Guido van Rossum, aliyeitoa lugha ile ya kompyuta iitwayo Python mwaka 1991, alichukua jina kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Nyoka kaingia baadaye kwa kudandia.

Sasa kifutu. Huyu ndiye mtakayemsikia zaidi kwenye mashamba ya uwele na mizabibu, kwa sababu hakimbii. Analala kwenye majani makavu, rangi ileile, unamkanyaga. Pwani mtasikia bafe. Msije mkaandika "kifutu hiki" kwa sababu ya ki- ya mwanzo. Ni kifutu huyu, vifutu hawa, na ki- hiyo haimaanishi ni mdogo. Ni mfupi, mnene kama mkono wa mwanamume, na hana mchezo. Jina lake la kisayansi, Bitis arietans, lina neno la Kilatini la kupiga kumbo kama kondoo dume. Aliyemwona akirusha kichwa hawezi kubisha.

Kwa Kiingereza ni puff adder, na hili adder nalipenda kupita kiasi, mnivumilie. Zamani lilianza na n: nædre. Wajerumani mpaka leo wanasema Natter. Waingereza wakiweka kile kineno chao cha "mmoja" mbele, wakasikia a nadder, baadaye masikio yakakata mahali pengine: an adder. N ikahamia kwa jirani, haikurudi. Mnacheka? Sisi tulipokea kitabu kwa Waarabu, ki yao ikiwa sehemu ya shina, tukaikata tukasema vitabu. Na pale mjini dereva wa bodaboda anakuambia Dodoma siku hizi vipilefti vimezidi, wakati mwenye lugha alisema tu kaa kushoto. Masikio hukata panapowafaa wenye masikio. Kwa hiyo mkiandika jina la kijijini, andikeni kwanza kama mlivyolisikia, lote, na kirekodio kikiwa kimewashwa. Mambo ya wapi shina linaanzia tutayafanya mezani.

Kobra sitakawia naye. Kwa Wareno cobra ni nyoka yeyote. Walipofika India walimwita yule wa kutanua shingo cobra de capelo, nyoka mwenye kofia, Waingereza wakabeba kipande cha mwanzo wakakiganda kwa mmoja. Ukifanya kazi na mwenzako wa Msumbiji akakuambia nyumbani kwao kaingia cobra, usianze kusimulia habari za kutema sumu. Kwetu huyo ni swila au fira, na hapa ulizeni kila mara mwenyeji anamaanisha yupi, kwa sababu nimekuta kijiji kimoja swila ni yule atemaye tu, na jirani yao wanamwita hivyo yeyote anayetanua shingo.

Namna ya kuuliza. Msiende na picha za simu mkawaonyesha watu mfululizo. Kwenye simu nyoka wote wana urefu wa kidole, na mtu muungwana hatakukatisha tamaa, atatoa jina lolote. Ulizeni anafanya nini: anapanda? anatema? anakimbia au anakungoja? ulimwona wapi, asubuhi au jioni? Jina litakuja lenyewe, tena na maelezo yake. Na msikae na wazee watupu chini ya mbuyu. Wazee wana hadithi, lakini watoto wa kuchunga wana majina. Wao ndio wanaokutana nao. Akina mama wanawajua wa kwenye kuni na wa kwenye mapaa ya tembe, ambao wanaume hawawataji kabisa.

Mkipandisha Kondoa na Chemba, jueni mmeingia mahali ambapo koo nne za lugha za Afrika zinasalimiana sokoni. Warangi ni Wabantu kama Wagogo, Waburunge na Waalagwa ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, na Wasandawe wana lugha ya vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni, ambayo mtu wa kawaida hawezi kuiandika kwa herufi zetu akaieleza sawasawa. Hapo shina la nyoka halikusaidii. Mmaasai akikwambia olasurai, usihangaike kutafuta nzoka ndani yake. Na kwa Kisandawe, rekodi. Mwanafunzi mmoja aliviandika vidoko vyote kwa alama ya mshangao. Tulirudi naye Kwa Mtoro kuanza upya, nauli juu yake.

Wa afya ya jamii, nyie mna jambo la ziada. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kugongwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na tangu hapo vipeperushi vimeongezeka. Jina kwenye kipeperushi liwe lile la kijiji hicho, si la kamusi yangu. Lakini msiwafanye watu waamini kwamba bila jina hakuna tiba. Nimeona ndugu wa mgonjwa wakipoteza saa nzima wakimsaka nyoka "ili daktari amjue", na mguu unavimba. Daktari anasoma dalili. Uvimbe na maumivu makali vinasema lake, kope kulegea na pumzi kuwa nzito vinasema lake. Mtulizeni mgonjwa, kiungo kisitikisike, vueni pete na bangili, mpelekeni hospitali. Wembe hapana, kufyonza hapana, kukaza kamba hapana, jiwe la nyoka hapana. Koboko hasubiri mjadala.

Nimesema kamba, nimekumbuka la mwisho. Huko Mvumi nilipanga kwa mama mmoja. Usiku, taa ya mchina inawaka, tunakula ugali na mlenda, nikatoa daftari nikamuuliza nyoka wa pale wanaitwaje. Akaacha kumega. Akatazama mlangoni.

"Baba, hilo jina halitajwi usiku. Sema kamba. Kesho jua likiwaka nitakutajia wote."

Nilidhani ni ya huko tu. Baadaye nikajifunza kwamba Wabengali nao usiku humwita lata, mmea utambaao. Warusi walimbandika jina linalotokana na ardhi, Warumi wakamwita mtambaaji, serpens. Nusu ya majina haya mnayoyakusanya huenda yalianza hivyo, kwa mtu aliyeacha kumega tonge akatazama mlangoni.

Kesho yake alinitajia kumi na moja, tumekaa uani anapepeta uwele. Niliyaandika yote kwa mpangilio, lugha, maana, tabia. Juu yao nikaacha mstari wa usiku ule kama ulivyo, na mpaka leo uko pale kwa kalamu ya risasi: kamba, baada ya magharibi tu.