Mzee Aliyelala Chali

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari tarajali, na huu ni mwezi wangu wa nne katika wodi ya magonjwa ya ndani. Siku zangu nyingi hupita katika kutoa damu, kufuatilia majibu ya maabara na kuandika mafaili, nami huondoka nikiwa sina hakika kama nimemsaidia mtu yeyote. Wiki iliyopita tulimpokea mzee ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu ipasavyo. Ilikuwa mara yake ya tatu kurudi katika muda mfupi, miguu imevimba na hawezi kulala ila ameegemea mito, ingawa alikuwa akimeza dawa zake zote bila kukosa. Jioni, kazi zilipopungua, nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikamwomba anieleze kila kitu anachomeza tangu anapoamka. Ndipo aliponiambia kwamba hujinunulia pia vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya magoti. Hakuwahi kuvitaja kwa sababu, kama alivyosema, "Mwanangu, ninyi mliniuliza dawa za moyo." Nilimwarifu daktari bingwa, vidonge vikasimamishwa, na baada ya siku tano uzito wake ulikuwa umepungua kilo 4. Asubuhi hiyo nilimkuta amelala chali juu ya mto mmoja, na furaha niliyoipata sijawahi kuipata tangu nianze masomo. Mwenzangu ameniambia kwamba nilibahatisha tu. Je, ni kweli? Na nifanye nini ili furaha ile isipotee?

JIBU

Marahaba, daktari. Hukubahatisha, na ni muhimu uelewe kwa nini, kwa kuwa usipoielewa siku ile utabaki kuingoja ikujie tena.

Diklofenaki, kama ilivyo aibuprofeni na dawa nyingine za jamii hiyo, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo, pamoja na kazi nyingine, husaidia figo kupata damu ya kutosha na kutoa chumvi. Kemikali hizo zikipungua, figo hushikilia chumvi na maji, na ile dawa ya kukojoza ambayo mgonjwa anaimeza kwa uaminifu hupungukiwa nguvu. Mzee wako alikuwa kama mtu anayekumba maji katika mtumbwi ambao tundu lake halijazibwa. Zile kilo 4 zilikuwa karibu lita 4 za maji, ambayo sehemu yake ilikuwa ikimkaba kifuani kila alipojaribu kulala. Vipimo vya figo vingeweza kuonyesha kwamba figo zinalemewa, lakini hakuna kipimo ambacho kingetaja pakiti ya vidonge aliyoiacha nyumbani. Aliyeweza kuitaja ni yeye peke yake, na alihitaji kuulizwa kwa namna ambayo ingempa nafasi ya kuitaja.

Mwaka 1975 John Hampton na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje: kwa wagonjwa 66, utambuzi wa ugonjwa uliofikiwa kwa kusoma barua ya rufaa na kusikiliza maelezo ya mgonjwa ndio uliokuja kuthibitishwa mwishoni. Vipimo vimeboreka mno tangu wakati huo, lakini mgonjwa ndiye bado anayejua kinachotendeka nyumbani kwake. Wengi wakisikia neno dawa hufikiria zile walizoandikiwa hospitali tu. Vidonge vya dukani, mitishamba na dawa walizopewa na jirani huviweka kando. Wewe uliuliza juu ya kila anachomeza, kisha ukanyamaza akaeleza. Mwambie mwenzako kwamba jambo hilo linaweza kurudiwa kesho kwa mgonjwa mwingine, na bahati hairudiwi kwa kutaka.

Kuhusu furaha, nakuomba jambo moja kwa moyo wangu wote: usiifunge kwenye kupona kwa mgonjwa. Utaketi na mwingine jioni kama ile ile, utamuuliza vizuri vile vile, naye atafariki kabla ya alfajiri, na kazi uliyoifanya kandokando ya kitanda chake haitakuwa imepungua thamani hata kidogo. Mimi mwenyewe nilichelewa miaka mingi kulikubali hilo. Hata kutoa damu na kufuatilia majibu, unakokuona kama kazi ndogo, ndiko kunakokufikisha kwenye kitanda cha mgonjwa mara nyingi zaidi kwa siku kuliko daktari bingwa anayepita na raundi asubuhi.

Lakini barua yako haikusema lolote kuhusu magoti. Tumemwondolea mzee dawa iliyomtuliza, na maumivu yapo pale pale. Akiruhusiwa hivyo, atanunua tena, pengine kwa jina jingine la kibiashara ambalo halitambui. Zungumza na bingwa wako juu ya parasetamoli na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja chini ya mtaalamu wa viungo. Andika katika barua ya kutoka wodini, kwa herufi za kusomeka, dawa anazopaswa kuepuka, na umweleze pia yule anayemnunulia dawa nyumbani. Kama bado yumo wodini, vuta tena kile kiti leo jioni umuulize jinsi anavyopanda ngazi.