Uvimbe wa mishipa ya damu kwa mtoto mchanga: kwa mnaoanza kazi wadi ya watoto Lamu

Kabla ya kumgusa mtoto, muulize mama: uvimbe huu uliuona siku uliyojifungua, au ulijitokeza baadaye? Jibu hilo lina uzito kuliko rangi. Hemanjioma ya kawaida (uvimbe wa mishipa midogo ya damu, si saratani) haipo mtoto anapozaliwa, au huwa baka hafifu tu. Hukua kwa kasi zaidi wiki ya 5 hadi ya 8, na ifikapo miezi 5 sehemu kubwa ya ukuaji imekwisha. Uvimbe uliozaliwa umeshakomaa ni wa aina nyingine: baadhi hunywea wenyewe ndani ya mwaka hivi, baadhi hubaki.

Unaotutia hofu ni hemanjioendotelioma ya kaposi. Ni adimu. Ni mgumu, wa zambarau iliyoiva, una joto, ngozi inang'aa na mpaka wake haushikiki. Wengi hudhani ni jipu, au mvilio wa uzazi. Mvilio hufifia siku hadi siku, huu huzidi. Tafadhali usiupasue. Uvimbe huu hunasa chembe sahani (chembe za damu zinazoziba jeraha) na kumaliza fibrinojeni (protini ya kugandisha damu), kwa hiyo kidonda kidogo chaweza kutoka damu isiyokatika.

Siku hiyohiyo pima hesabu kamili ya damu, fibrinojeni na D-daima (mabaki ya damu iliyoganda). Kipimo cha fibrinojeni kikikosekana, usingoje: chembe sahani kidogo pamoja na uvimbe wa namna hii zinatosha kuanza rufaa. Mara nyingi utazikuta chini ya 25,000 kwa mikrolita. Usiongeze chembe sahani ili kurekebisha namba tu. Zitanaswa na uvimbe utafura. Ziache kwa mtoto anayetoka damu au anayeingia upasuaji. Zuia sindano za msuli, na kanula iwekwe mbali na uvimbe.

Pigia Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, kabla boti haijaondoka kwenda Mokowe, gati ya bara. Andika saa ya kila kipimo, pima mzunguko wa kiungo kwa utepe, chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu, na mama anyonyeshe njiani.

Hemanjioma za kawaida nyingi hazihitaji dawa. Zinazoziba jicho, zilizo eneo la ndevu (huenda ipo nyingine kooni), zenye vidonda, au zikiwa 5 na zaidi kwenye ngozi (piga ultrasaundi ya ini) ziamuliwe mapema. Dawa yake ni propranololi: huanza miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa, kisha hupandishwa hadi 2 au 3. Mtoto wa kilo 4 huanza na miligramu 2 asubuhi na 2 jioni. Kidonge cha miligramu 40 hakigawanyiki kwa mkono kufikia hapo; mfamasia atengeneze maji ya dawa na aandike kwenye chupa miligramu ngapi kwa mililita. Pima mapigo na presha saa 1 na saa 2 baada ya dozi ya kwanza. Dawa hutolewa mtoto akishanyonya; akitapika au akikataa ziwa, dozi irukwe, maana sukari hushuka.

Hemanjioendotelioma ya kaposi hutibiwa kwa sirolimasi (dawa inayoshusha kinga ya mwili), mara nyingi pamoja na prednisoloni. Mtoto akirudi Lamu akitumia sirolimasi, homa yoyote ichukuliwe kuwa maambukizi mazito, chanjo zenye virusi hai zisubiri, na asiandikiwe erithromaisini wala flukonazoli bila kuwauliza walioianzisha: zote mbili huipandisha sirolimasi kwenye damu.