Usibadilishe jina kwa sababu ya chumba

Jumatatu kijana mmoja ameniandikia: "Papa Fundi, mwenye nyumba wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, alikuwa tayari kupokea garanti (pesa ya dhamana ya chumba). Aliposikia jina langu ni la mkoa wa Kasai, akasema chumba kimeshapata mtu. Niseme jina lingine?"

Mdogo wangu, mwaka 1992 nilikuwa Likasi, na miaka 9. Sisi wa Kasai tulikuwa tunafukuzwa Katanga, tunaitwa bilulu, yaani wadudu. Jirani aliyekula bukari (ugali) kwetu kila Jumapili ndiye aliyeonyesha vijana mlango wetu. Tulilala stesheni wiki kadhaa, maelfu ya watu, tukingoja treni ya Kasai, mama akitupikia kwenye kopo la maziwa ya unga. Babu aliletwa na Union Minière kuchimba shaba. Baba alizaliwa Likasi. Wageni ni sisi!

Jinsi nilivyorudi, nitairuka, ni njaa tupu. Leo nina atelie huku Kenya (komini yetu, si nchi), mafundi 6, na milango yangu iko Bel Air kote. Ndiyo, najisifu.

Ila sikia na hili, maana linaniuma bado. Mzee mmoja Myahudi mwenye duka mjini aliniita nimtengenezee rafu. Nikamwambia mwanafunzi wangu palepale, kwa Kiswahili: "Pandisha bei, Wayahudi wanakalia pesa." Mzee akaendelea kuhesabu skrubu zangu, moja moja. Akamaliza. "Fundi, mimi nilizaliwa hapa. Bei ni ile ya juzi." Akalipa yote.

Baadaye ndipo nilijua kwamba familia nyingi za Kiyahudi za Lubumbashi zilitoka kisiwa cha Rhodes. Waliobaki kule, zaidi ya 1,600, Wanazi waliwakamata Julai 1944 wakawapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wachache sana walipona. Na mambo yalianza kwa Wayahudi kuitwa panya na chawa. Na mimi, kilulu wa stesheni ya Likasi, nilikuwa na mdomo wa kusema vile!

Basi taja jina lako lote mlangoni, kabla hata ya kuuliza bei. Garanti bila karatasi, usitoe. Na sisi wa Kasai tuache kulia 1992 asubuhi, halafu jioni tukikaa tunasema "Banyarwanda wote", "Wachina wote". Mtu akianza hivyo kwako, mnyamazishe, hata akiwa shemeji.

Nyuma ya atelie kuna chumba, dirisha bado. Njoo Jumamosi na jina lako hilo, pamoja na garanti ya miezi mitatu.