Kasi ziko sawa, mbona nyimbo zinagombana?

Ndugu, umesema umeweka sauti ya mwimbaji wa wimbo mmoja juu ya ala za mwingine, zote mapigo 100 kwa dakika, na bado masikio yanauma. Hapo tatizo si kasi, ni ufunguo, yaani kundi la noti ambazo wimbo umejengwa juu yake. Umetaja kwamba mmoja ni 8A na mwingine 3A, alama ambazo programu za ma-DJ hutumia kuonyesha ufunguo wa wimbo. Hizo zimeachana nusu toni tu (hatua moja ndogo kabisa kwenye kinanda), ndiyo maana zinakwaruzana vibaya hivyo. Shusha ule wa 3A nusu toni moja, utakuwa 8A, kisha sikiliza tena. Wimbo wa 8A hupatana pia na 7A, 9A na 8B. Ila usiiamini programu moja kwa moja, nayo hukosea kutambua ufunguo. Sikio lako ndilo hakimu.

Jambo la pili, sauti iingie kwenye pigo la kwanza la mzunguko mpya wa ala. Ikichelewa hata pigo moja, msikilizaji anahisi kuna kitu kimepinda.

Na sauti uliyoichomoa kwenye wimbo kwa VirtualDJ, programu ya kuchanganya muziki, mara nyingi hubaki na mabaki ya ngoma. Kata besi yake yote, uache besi ya wimbo wa chini pekee.