Vueni Hizo Raba za Boflo

Jumapili iliyopita, kwenye uwanja wetu wa vumbi huku nyuma ya Mambrui, tunapofanya mbio za magari kwa kupita kati ya koni, kijana mmoja alishuka kwenye Demio yake na raba zenye soli nene kama mkate wa boflo. Mwenziwe alikuwa na ndara. Wa tatu, nilipomwuliza mbona amekuja na viatu vya harusini, akanitolea simu na ile video ya Ayrton Senna, bingwa wa Formula One, akiiendesha Honda NSX kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, kwa viatu vya ngozi na soksi nyeupe. Sawa, mdogo wangu. Siku ukiwa Senna, njoo hata na viatu vya bibi harusi.

Koni ziliangushwa siku hiyo hata nikaacha kuhesabu, na anayeziokota juani ni mimi. Kwa hivyo naandika namna ya kuchagua viatu vya kuendeshea gari, maana sauti imekauka.

1. Soli iwe nyembamba. Mguu ndio sikio lako ndani ya gari. Unapokaribia kufunga magurudumu, habari inaanzia kwenye pedali, na sponji ya sentimita tatu inaila njiani. Unakanyaga, kinachobonyea kwanza ni kiatu, breki baadaye. Kishike kiatu kwa mkono mmoja ukikunje. Kikikataa, kirudishe kwenye fungu la mitumba.

2. Upana. Hapa mnivumilie, maana hili limenigharimu.

Nilikuwa na miaka 23 na Starlet ya mjomba wangu. Sokoni nilipata raba za kukimbilia marathoni, mtumba daraja la kwanza, nyeupe pepe. Soli yake ilikuwa imetanuka kuzidi kiatu chenyewe, kama ngalawa inavyouzidi mtumbwi. Mchezaji wa marathoni anataka hivyo ili kifundo kisipinde. Mimi niliziona nzuri tu, basi.

Mzunguko wa tatu nikaingia kona ya mkanju kwa gia ya tatu, nimejaa kiburi. Nikakanyaga breki. Injini ikanguruma. Gari likapungua kidogo, kisha likaendelea na safari zake. Nikatoa mguu, nikakanyaga tena; pedali ngumu. Mara ya tatu ilikuwa kama kukanyaga jiwe la msingi. Nikazipitia koni nne, nikaipitia meza ya chai, chupa ya chai upande na mahamri upande, na mzee aliyekuwa akishika saa akaruka kama kijana. Gari likaishia kwenye rundo la mchanga, bampa chini, rejeta inavuja. Alhamdulillahi hakuumia mtu.

Nikatoka napiga kelele: breki zimekufa! Na fundi aliyezifunga breki zile alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma. Mtu wa rika la baba yangu, ambaye hata pesa ya kazi hakunidai. Nilimwambia mbele ya watu maneno ambayo siyaandiki hapa. Kwa wiki tatu kila aliyeuliza habari za Starlet, kuanzia Shella mpaka Maweni, alisikia kwamba fundi yule nusura aniue.

Yeye akalichukua gari. Akafungua magurudumu yote manne, akabadilisha mafuta ya breki, akatoa hewa, akanunua masta silinda nyingine kwa pesa yake. Asione kasoro. Siku moja baada ya alasiri akanipigia: “Mwanangu, njoo. Na uje na viatu vya siku ile.”

Nikakaa kwenye usukani. “Kanyaga breki kama siku ile.” Nikakanyaga. Akapiga magoti, akamulika tochi chini ya dashibodi, akakaa kimya kidogo. “Usitoe mguu. Inama, utazame mwenyewe.” Nikainama. Ukingo wa soli yangu ulikuwa umelala juu ya pedali ya mafuta na umeizamisha upana wa kidole. Mguu mmoja, pedali mbili.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Breki za magari yetu zinasaidiwa na sevo, na sevo ya injini ya petroli inafanya kazi kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Ukifungua mafuta sana, mvuto ule unapungua. Kila unapopampu, unamaliza akiba iliyobaki. Ndiyo maana pedali ikawa jiwe. Breki zilikuwa nzima tangu mwanzo. Hakuongeza neno. Akazima tochi, akaenda kunawa mikono.

Masta silinda niliilipa, na rejeta ya mjomba niliilipa kwa miezi mitano. Lakini mtu niliyemtukana uwanjani, mbele ya kadamnasi, nilikuwa nimemwomba radhi gereji, tukiwa wawili na paka. Lilinikaa kooni. Siku ya koni iliyofuata nikasimama mbele ya wote nikaeleza yote, mpaka bei ya viatu. Akanikata katikati: “Kaa, mwanangu, chai inapoa.” Hadi leo nikimwona nikiwa na viatu vipya, anaviangalia kwanza ndipo anaitika salamu.

Ukijikuta humo: klachi chini, breki mara moja kwa nguvu zote na uishikilie. Usipampu.

3. Kisigino kiwe cha mviringo. Unaposhusha gia huku unafunga breki, mbele ya mguu iko kwenye breki na ukingo wake unagusia mafuta ili injini ilingane na gia inayokuja. Mguu wote unazunguka juu ya kisigino. Kisigino cha viatu vya ofisini kina kona, kinakwama sakafuni. Msiniulize tena kama hiyo si pedali mbili kwa mguu mmoja. Ndiyo, ila kwa kupenda.

Hapa Malindi darasa tunalo mitaani. Wale wazee wa Kiitaliano wanaokunywa kahawa asubuhi, tazameni miguu yao: mokasini laini zenye vinundu vya mpira vinavyopanda mpaka nyuma ya kisigino. Vinundu vile vilibuniwa kwa ajili ya gari. Gianni Mostile alianzisha Car Shoe huko Italia mwaka 1963 kwa wazo hilo hilo. Na kule Cefalù, Sicily, fundi viatu Francesco Liberto akawashonea madereva wa Targa Florio, mbio za magari za huko huko, viatu vyepesi. Fundi viatu wa mtaani, kama wetu! Ila mokasini haishiki kifundo wala haizuii moto. Ni ya kuendea Watamu kula samaki.

4. Moto. Ukianza mashindano ya kweli, tafuta lebo ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, namba 8856-2018, iliyoshonwa kwenye kiatu. Viatu vya gokati, vile vigari vidogo vya mbio, vinafanana navyo na ni vya bei rahisi, lakini havikutengenezwa kuzuia moto. Wawili kati yenu mmeshanunua, najua. Soksi za nailoni zinayeyukia kwenye ngozi.

5. Mchanga. Hawa wa bara hawalijui hili. Soli bapa yenye mchanga wa pwani juu ya pedali ya chuma ni maganda ya ndizi. Weka kipande cha kanga kuukuu mlangoni, futa, ndipo uingize mguu. Viatu vya kuendeshea usitembee navyo. Mawe yetu ya matumbawe yanazila soli nyembamba kwa mwezi.

6. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kwa joto. Kamba zichomekwe ndani.

7. Ndara, hapana. Makubazi nayo hapana, hata yakiwa yameshonwa Lamu. Pekupeku pia hapana: jasho linateleza, na siku utakayotoka mbio garini utakanyaga vioo.

Asiye na pesa avae raba za turubai za soli bapa, zinatosha kabisa kwa koni. Wewe wa boflo, nimekuwekea zangu za zamani, namba 42, ziko kwa fundi. Zirudishe bila mchanga. Na ukifika, mwamkie mzee kwanza.