Meneja asema nisubiri msimu upite

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpishi katika hoteli moja hapa Malindi. Mke wangu atajifungua Disemba, hoteli ikiwa imejaa wageni. Nimeomba likizo ya uzazi, meneja asema ningoje Aprili, ama siku hizo zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Mama mkwe naye asema mume hana kazi kwa mzazi, arubaini ni ya wanawake. Nifanyeje?
Mpishi, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na meneja, huyo ndiye mwepesi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 29, inampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili, na mama miezi mitatu. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, ni haki nyingine; usikubali zichanganywe. Habari za msimu wa watalii sijaziona humo. Na Aprili mtoto si ameshaanza kujigeuza kifudifudi? Andika barua sasa, utaje lini mnamtarajia, ubaki na nakala. Akikataa, muone afisa wa kazi.

Mama mkwe usibishane naye. Kukanda, mkaja, uji wa pilipili manga, hayo anayajua, mwachie. Lakini nani atakayekwenda sokoni asubuhi? Nani atafua nepi na kuchemsha maji ya kuoga? Mwambie, "Mama, niagize," uone kama atakufukuza. Tena wewe mpishi! Unawapikia Waitaliano pasta kutwa, mkeo akose mchuzi wa samaki wa mkono wako?

Ulilonificha ni kama mkeo ana kazi. Kama anayo, sheria inamrudisha kwenye kazi ileile, au inayomfaa kwa masharti yasiyo mabaya zaidi. Tabu huja baadaye. Mtoto akipata homa, mama ndiye aombaye ruhusa, chanjo, mama, mwisho nafasi ya usimamizi ikitokea, apewa mwengine "asiye na mambo mengi". Baba hata haulizwi, maana tangu mwanzo hakuna aliyemzoea kwenye shughuli hizo, wala yeye mwenyewe hakuzizoea. Ndiyo maana nazing'ang'ania hizo wiki mbili zako. Jifunze kumuogesha mtoto na kumpeleka kliniki mapema, halafu ruhusa za mbele mgawane. Nambari yako ya simu nayo iandikwe kliniki pamoja na ya mkeo.