Hamira Yangu Iliyokufa Mara Mbili

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Urambo ambaye ameanza mwaka huu kutengeneza mvinyo wa asali. "Shikamoo mama," aliandika, "nimetia hamira tangu juzi, lakini ndoo imetulia kama maji ya mtungini, na jirani yangu ananishauri niongeze dawa." Niliiweka simu mezani nikatoka uani kwa muda, kwa maana aliyewahi kuongeza dawa juu ya dawa ni mimi, na hasara yake bado naikumbuka.

Ninyi mnaonisoma najua tunatafuta kitu kimoja: asali ya Tabora iache kuondoka mkoani kwa madumu, iondoke kwa chupa zenye lebo. Ndoto hiyo ndiyo iliyonitoa darasani, nilikokuwa nikifundisha baiolojia. Habari za leseni na za kutafuta chupa naziruka, kwani hazina utamu wowote.

Mwaka juzi niliagizwa lita 20 za mvinyo wa harusi. Nilichanganya maji na asali mbichi ya miombo kutoka Sikonge, nikafikia hatua ya kutia metabisalfaiti ya potasiamu, ule unga mweupe unaotoa salfa dioksaidi na kuzuia vijidudu tusivyovitaka. Mizani yangu ndogo ilikuwa imeishiwa betri. Nikachota kijiko kikubwa kimoja, nikamimina, na saa hiyo hiyo nikatia hamira. Siku tatu zikapita bila hata povu la kumwonyesha mgeni.

Fundi mmoja niliyemheshimu, ambaye ndiye aliyenionyesha kazi hii, akanishauri nitie haidrojeni peroksaidi ili iimalize salfa. Kwa upande wa kemia hakukosea, kwa sababu peroksaidi huigeuza salfaiti, yaani salfa hiyo ikishayeyuka majini, kuwa salfeti, ambayo haina makali hayo. Niliyekosea ni mimi, niliyekwenda duka la dawa nikanunua chupa ya kuoshea vidonda na kuimimina kwa kukadiria kwa macho. Baada ya nusu saa nikatia hamira ya pili, nayo ikafa. Lita zote 20 nilizimwaga nyuma ya nyumba, kwa kuwa dawa ya vidonda si kitu cha kuwanywesha watu. Harusi ikanywa soda, na yule fundi akasema sokoni, mbele ya watu, kwamba mwalimu abaki na chaki yake.

Neno hilo lilinichoma kuliko fedha niliyorudisha. Nikarudi kwenye daftari zangu za zamani kutafuta ni nini hasa kilichotokea ndani ya ile ndoo, na kwanza nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya mapema. Kijiko kile hubeba kama gramu 15, ambazo katika lita 20 ni miligramu 750 kwa kila lita. Kwa kuwa zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa unga huo hugeuka salfa dioksaidi, hamira yangu ilikabiliwa na zaidi ya miligramu 400 kwa lita, ilhali kabla ya kuchachusha kiasi cha 50 hutosha.

Katika kinywaji chenye uchachu kama asali iliyotiwa maji, sehemu ya salfa hubaki kuwa gesi iliyoyeyuka, nayo hupenya utando wa seli bila kupiga hodi. Ndani ya seli uchachu ni mdogo, hivyo gesi hiyo hugeuka salfaiti yenye chaji, isiyoweza kutoka kwa njia iliyoingilia, ikaanza kuharibu vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kazi za seli, na kuikausha seli nguvu zake. Hamira haikai ikitazama. Katika utando wake ina pampu, protini iitwayo Ssu1, inayoisukuma salfaiti nje, na pia hutoa asetaldehaidi inayoikamata salfaiti na kuifunga. Zipo hamira za mvinyo ambazo vipande vya kromosomu ya 8 na ya 16 vimebadilishana nafasi, na kwa ajili hiyo jeni ya pampu hiyo hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Yangu ilikuwa hamira ya mkate, ile ya pakiti ya dukani. Nilikuwa nimempeleka mwanakijiji vitani bila hata fimbo.

Peroksaidi ni habari nyingine, kwa sababu hamira huifahamu tangu kuzaliwa. Seli inapotumia oksijeni, kiasi kidogo huponyoka kikawa supaoksaidi, umbo la oksijeni linaloidhuru seli. Kimeng'enya kimoja huigeuza hiyo kuwa peroksaidi, na kingine, katalesi, huivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, weka hamira kavu kidogo katika kisosi, ilainishe kwa maji, kisha dondoshea peroksaidi ya duka la dawa. Povu jeupe huinuka mara moja, likatoa mlio mdogo kama wa soda inayofunguliwa. Mwanangu alipoliona alidhani naichemsha, na povu lile lote ni oksijeni tu.

Kama hamira ina uwezo huo, kwa nini yangu ilikufa? Kwa sababu maghala ya silaha hayajai kwa kupepesa jicho. Ipo protini iitwayo Yap1, ambayo siku za amani huingia katika kiini cha seli na kutolewa nje, kama mjumbe asiye na barua. Peroksaidi inapozidi, protini nyingine iitwayo Gpx3 huihisi na kuibadilisha Yap1 umbo, hata ile alama inayotumika kuitoa nje ikafichika. Yap1 ikishanaswa ndani ya kiini huamsha jeni nyingi za kujikinga, zikiwamo zile za kutengeneza glutathioni, kemikali ya seli inayopambana na peroksaidi, na kazi hiyo inataka muda. Ndiyo maana seli zilizoonjeshwa peroksaidi kidogo, kwa muda usiozidi saa moja, huhimili baadaye kipimo ambacho kingeziua zenzake zisizoonjeshwa. Mimi sikuzionjesha. Nilizizamisha.

Tena nilizizamisha zikiwa chache. Seli nyingi zikikaa pamoja huimaliza peroksaidi kwa ushirika, lakini mimi, kwa ubahili, nilitia nusu pakiti. Isitoshe, asali mbichi yenyewe ina kimeng'enya cha nyuki ambacho, mara asali inapotiwa maji, huanza kutengeneza peroksaidi kutokana na glukosi. Bibi mmoja wa Isevya anayepika wanzuki, pombe ya asali ya kienyeji, hajawahi kusikia neno hilo, lakini hutia machicha mengi ya pombe iliyotangulia, na hajapata kuniambia kwamba wanzuki wake uligoma.

Basi, ndugu zangu, pimeni. Nunueni mizani, wekeni na betri ya akiba. Sasa kwa lita 20 natia metabisalfaiti isiyozidi gramu 2, nafunika ndoo kwa kitambaa safi, na nasubiri saa 24. Hamira, pakiti nzima, naiamsha katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37, kisha naiongezea mchanganyiko wa asali kijiko kwa kijiko mpaka iuzoee, ndipo naimimina ndooni na kukoroga kwa nguvu, kwa kuwa siku ya kwanza inahitaji oksijeni ili ijenge utando imara. Kwa kuwa asali ina nitrojeni kidogo mno, natia pia hamira niliyoichemsha ikafa, iwe chakula cha iliyo hai. Lakini msingi ni kupima. Vijana mnapenda njia ya mkato, mnamwaga kwanza na kuuliza baadaye, kisha mnalalamika kwamba mkoa huu hauna bahati. Bahati haikuwahi kuingia katika kijiko kisichopimwa.

Kijana wa Urambo nimemjibu asiongeze dawa yoyote, aikoroge ndoo aitoe gesi, aiache wazi chini ya kitambaa usiku kucha, na asubuhi aanze na hamira mpya iliyozoezwa. Nimemwomba pia aniambie alitia gramu ngapi mara ya kwanza. Amejibu, "Mama, nilitumia kijiko."

Mwezi uliopita nilijaza chupa 24 kutoka ndoo moja, na harufu yake ni ya maua ya miombo. Chupa moja nimeiandikia jina la yule fundi kwa chaki, nimeiweka kabatini, na salamu nimemtumia mara mbili. Hajaja kuichukua.